Zana za Betri Nyumbani: Mwenye Nyumba Atazame Nini Kabla ya Kununua?

Na Mwandishi Wetu, Gitega

Mlango wa nyumba ya dada yangu mjini Muyinga ulikuwa umeliwa na mchwa kwa muda mrefu bila ya mtu kutambua. Kwa nje rangi ilikuwa ingali nzima; ndani ubao ulikwisha kuwa unga, na bawaba zilikuwa zimeshika kitu kisichokuwapo. Dada ni mjane, naye hulala humo na watoto watatu. Nilimwahidi kwamba mvua zikiisha nitakuja kuutia mlango mpya kwa mikono yangu mwenyewe, pasipo kumgharimu hata faranga moja.

Siku ilipofika nilifunga safari kutoka Gitega kwa njia ya Karuzi, mlango wa mkaratusi umefungwa juu ya gari, na katika mkoba wangu mna keekee ya betri niliyoinunua miezi minne kabla ya hapo. Ubavuni mwake palikuwa na tarakimu nene nyekundu: volti 48. Nilijiona fundi kamili.

Tundu la kwanza lilitoboka vyema. La pili likatoboka kwa shida. Katika la tatu mashine iliguna, ikazunguka pole pole, ikanyamaza. Niliichomeka betri kwenye chaja. Baada ya dakika kumi taa ikawa ya kijani, nami nikafurahi. Nikaingiza parafujo mbili tu, ikanyamaza tena. Saa nane mchana umeme ukakatika mtaani. Jua lilipotua, mlango wa zamani ulikuwa chini uani, mpya umeegemezwa ukutani, na fremu ilikuwa wazi. Usiku ule dada yangu na wanawe walilala huku meza na magunia mawili ya mahindi yameziba mlango, nami nikakesha sebuleni juu ya kiti.

Asubuhi alikuja mzee jirani, seremala wa siku nyingi, akiwa na keekee ya mkono, ile ya kuzungushwa kwa mpini. Hakunicheka. Alisema tu, "Mwanangu, hii yangu haina habari na umeme," kisha akainama kufanya kazi. Kabla ya adhuhuri mlango ulikuwa umesimama.

Niliporudi Gitega nilimpelekea fundi wa redio ile betri aifungue. Ndani mlikuwa na seli tano tu, na mbili kati ya hizo zilikwisha kufa. Seli tano za namna ile haziwezi kutoa volti 48 hata zikiombewa dua. Makala haya yameandikwa kwa sababu ya usiku ule, ili msomaji anayetaka kununua zana za betri kwa ajili ya nyumba yake asilipie somo ambalo mimi nimekwisha kulilipia.

ZANA HIZI ZILITOKA WAPI

Wako watu wanaodhani kwamba zana zisizo na waya ni jambo la juzi. Sivyo. Kampuni ya Marekani iitwayo Black & Decker ilitoa keekee ya kwanza ya betri mwaka 1961. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walitumia keekee ya betri, iliyobuniwa na kampuni hiyo hiyo, kutoboa ardhi ya mwezi. Huko hapakuwa na mahali pa kuchomeka waya.

Betri za zamani zilikuwa za nikeli na kadimiamu. Zilikuwa nzito, zilipoteza nguvu zikikaa bila kutumika, na kadimiamu yenyewe ni sumu. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 1991, kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza seli za lithiamu. Kuanzia miaka ya 2003 hadi 2005 seli hizo ziliingia katika keekee na misumeno. Wataalamu watatu walioweka msingi wake, yaani Goodenough, Whittingham na Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Nasi tuko karibu na chanzo cha mali yenyewe, kwani seli nyingi za lithiamu hutiwa kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi jirani ya Kongo, pande za Kolwezi.

Tofauti hiyo ya betri ni muhimu kwa mnunuzi, kwa maana zana za zamani zingali zinauzwa kama mitumba. Ukiona betri imeandikwa NiCd, jua kwamba unanunua kitu ambacho betri yake ya kubadilisha itakuwa shida kuipata, na ambacho umri wake umekwisha kupita.

SOMA TARAKIMU, USIDANGANYWE NAZO

Betri ya keekee si kitu kimoja. Ni boksi lenye seli kadhaa zilizounganishwa. Kila seli ya lithiamu hutoa volti 3.6 kwa wastani, na ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Basi hesabu ni nyepesi. Seli tatu zilizofuatana hutoa volti 10.8, na zikijaa 12.6, ndizo zinazouzwa kwa jina la volti 12. Seli tano hutoa volti 18, na zikijaa hufika 21.

Kutokana na hesabu hiyo msomaji ataona kwamba mashine iliyoandikwa 18, iliyoandikwa 20 na iliyoandikwa 21 huwa ni za ukubwa mmoja. Mmoja ametaja wastani, mwingine ametaja kilele. Hapo hapana udanganyifu mkubwa. Udanganyifu ni pale keekee ndogo yenye boksi la seli tano inapoandikwa 36, 48 au hata 88. Tarakimu hiyo ni pambo la kumvutia mnunuzi. Waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema kweli.

Tarakimu ya pili ni ya amperi-saa, nayo huonyesha kiasi cha umeme uliowekwa akiba. Ukizidisha volti kwa amperi-saa utapata wati-saa, ambacho ndicho kipimo cha haki cha kulinganisha betri mbili. Betri ya volti 18 na amperi-saa 2 ina wati-saa 36. Ya volti 18 na amperi-saa 5 ina wati-saa 90, yaani itafanya kazi mara mbili na nusu zaidi kabla ya kuhitaji kuchajiwa. Lakini itakuwa nzito zaidi, na mkono ulioinuliwa darini kwa saa nzima huujua uzito huo.

Tumia mkono wako kama mizani. Seli ya kawaida, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hivi. Boksi la seli tano litakuwa na gramu 225 za seli peke yake, na la seli kumi gramu 450, bila ya kuhesabu plastiki. Boksi lililo jepesi kama mkate mkavu, ambalo limeandikwa amperi-saa 6, haliwezi kuwa la kweli.

Tarakimu ya tatu ni ya nguvu ya kusokota, ambayo hupimwa kwa niutoni-mita. Kwa kazi za nyumbani, kama bawaba, rafu, kitanda na madirisha, niutoni-mita 30 mpaka 50 zatosha kabisa. Anayejitafutia mashine ya niutoni-mita 100 hajui kwamba atavunja vichwa vya parafujo na kujiumiza kifundo cha mkono.

Mwisho, uliza habari za mota. Mota za kawaida hutumia vipande vya kaboni ambavyo huchakaa na kubadilishwa. Mota zisizo na kaboni ni ghali zaidi, lakini hutumia umeme kwa uangalifu na hudumu. Kwa anayetumia keekee mara moja kwa mwezi, mota ya kaboni haina ubaya, mradi vipande hivyo vipatikane madukani.

KUTA ZETU NA MBAO ZETU

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na zana hizi viliandikwa kwa ajili ya nyumba za mbali. Sisi tuna kuta za namna yetu. Nyumba nyingi za Gitega na Muyinga zimejengwa kwa matofali ya kuchoma au ya udongo mbichi, na udongo unaweza kufanya mambo makubwa. Shahidi ni maktaba ya Muyinga, iliyomalizika mwaka 2012 kwa ajili ya watoto viziwi. Wasanifu wake, BC Architects wa Ubelgiji, walishirikiana na wenyeji kuijenga kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, vigae vya udongo wa kuchoma na wavu mkubwa wa kamba za katani ambao watoto hupumzikia juu yake.

Ukuta wa udongo hautaki kugongwa. Keekee nyingi zina swichi ya kugonga huku zikizunguka; swichi hiyo ni ya saruji na mawe. Ukiitumia katika tofali la udongo, tundu litapanuka kama kisima, na plagi ya plastiki itatoka pamoja na parafujo. Zungusha tu, kwa mwendo wa pole, kisha tumia plagi ndefu. Ikiwa rafu itabeba mzigo mzito, afadhali uchimbe nafasi ukutani, utie kipande cha mbao ngumu kwa saruji, kisha ufunge parafujo katika mbao hiyo.

Kwa upande wa mbao, mkaratusi ukikauka huwa mgumu na hupasuka upesi. Parafujo ya milimita 4 itobolewe kwanza tundu la milimita 3. Kazi hiyo ndogo ya kutangulia huokoa ubao, huokoa parafujo, na zaidi ya yote huokoa betri, kwa sababu hakuna kinachomaliza betri upesi kama kulazimisha parafujo katika mbao ngumu isiyotobolewa. Paka parafujo sabuni kidogo, nayo itaingia bila ugomvi. Msonobari na mgrevilea ni laini zaidi, lakini hata hapo ukingoni mwa ubao usiache kutoboa kwanza.

UMEME WA KUCHAJI

Zana ya betri haikuondolei haja ya umeme. Inakusogezea tu wakati wa kuutumia. Kwa hiyo swali la pili baada ya betri ni hili: utaichaji wapi?

Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, wanaopata umeme katika Burundi ni kama mtu mmoja katika kila watu kumi, na wengi wao wako mijini. Nchi imejitahidi kuongeza mitambo: bwawa la Rwegura lenye uwezo wa megawati 18 lilianza kazi mwaka 1986, na mwaka 2021 mtambo wa umeme wa jua wa Mubuga, ulio karibu na Gitega, ulianza kutoa megawati 7.5. Hata hivyo kukatika kwa umeme tunakujua sote.

Aliye na umeme wa REGIDESO asiogope gharama. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Hata tukihesabu umeme unaopotea katika chaja, uniti hiyo inaweza kujaza betri ya wati-saa 36 kama mara ishirini. Jambo la kuogopa ni ule umeme unaorudi ghafla baada ya kukatika. Umeme ukizimika, chomoa chaja, usubiri utulie kabla ya kuichomeka tena.

Aliye na umeme wa jua apige hesabu. Vile vifaa vidogo vya taa na simu haviwezi kuendesha chaja ya keekee, kwa sababu havitoi umeme wa volti 220. Lakini paneli ya wati 100 yenye betri kubwa na kigeuzi cha umeme inaweza, kwa siku yenye jua la saa tano, kujaza betri ya wati-saa 72 mara tatu au nne. Angalia tu kwamba kigeuzi ni kizuri. Vile vya bei ndogo hutoa umeme usio laini, na baadhi ya chaja hupata moto. Aidha, baadhi ya watengenezaji huuza chaja inayochomekwa kwenye gari la volti 12. Kwa anayeishi mlimani mbali na nguzo za umeme, chaja hiyo yaweza kuwa na thamani kuliko keekee yenyewe.

IPI KWANZA?

Tamaa ya mnunuzi mpya ni kuchukua sanduku zima lenye keekee, msumeno, mashine ya kusagia, taa na vipande mia moja vya chuma. Ushauri wa kwanza ni kuanza na kimoja. Keekee inayofunga parafujo na kutoboa, yenye mwendo wa aina mbili na pete ya kupunguza nguvu, hufanya kazi nyingi za nyumbani. Nunua yenye betri mbili, ili moja ichajiwe huku nyingine ikitumika. Betri mbili za amperi-saa 2 humfaa mwenye nyumba kuliko moja ya amperi-saa 4.

Ushauri wa pili ni kuoa ukoo mmoja. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya kampuni nyingine. Ukiisha kuchagua, zana zako za baadaye ziwe za ukoo huo, uweze kuzinunua bila betri kwa bei nafuu.

Ushauri wa tatu ni kutodharau waya. Ikiwa nyumba yako ina umeme na unataka kutoboa matundu hamsini katika saruji, mashine ya waya ni rahisi kwa bei, ina nguvu zaidi, wala haina betri ya kufa. Mashine ya kukatia na kusagia chuma, ambayo mafundi huiita grainda, hula betri kwa pupa. Yafaa iwe ya waya, au uiazime. Nao msumeno wa mkono wenye meno makali hukata ubao mmoja kabla hujamaliza kutafuta chaja.

DUKANI

Sehemu kubwa ya bidhaa zetu hutoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia kwa mpaka wa Kobero, karibu na Muyinga. Njiani humo hupita zana njema na zana bandia, zote katika maboksi yanayong'aa. Ukiwa mbele ya muuzaji, fanya hivi.

Kwanza, uliza bei ya betri peke yake, na uione kwa macho. Ikiwa muuzaji hana betri ya kubadilisha, wala hajui itakapopatikana, basi hakuuzii keekee. Anakukodisha kwa miaka miwili au mitatu. Pili, soma maandishi ya chaja. Umeme wetu ni wa volti 220 mpaka 240 na mzunguko wa 50. Chaja iliyoandikwa 120 peke yake ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, nayo itaungua siku ya kwanza. Tatu, omba betri itiwe, uzungushe mashine, ubadilishe mwendo, ushike kichwa chake uone kama kinayumba. Nne, iwashe na kuizima mara kadhaa, uitazame betri baada ya dakika tano. Ikiwa ya moto bila ya kazi, irudishe. Tano, dai risiti yenye tarehe na ahadi ya muuzaji kwa maandishi.

Mimi sikufanya hata moja katika hayo matano. Nilitazama tarakimu nyekundu, nikalipa.

USALAMA NA UTUNZAJI

Toa betri kila unapobadilisha ncha au kisu, kwa maana kidole cha mtoto hakijui swichi ni ya nini. Vaa miwani, kipande cha chuma hakichagui jicho la fundi wala la mtazamaji. Grainda isitumike bila kinga yake, wala isitiwe kisu ambacho mwendo wake ulioandikwa ni mdogo kuliko wa mashine.

Betri ya lithiamu haipendi joto, baridi kali, wala njaa. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Isichajiwe juu ya godoro wala usiku watu wakiwa wamelala. Ukiona imevimba, imepasuka au inanuka, usiitumie tena, iweke nje mbali na kuta. Nguvu zikipungua, acha kazi uichaji. Kuimaliza mpaka tone la mwisho ni kuifupishia maisha. Ikiwa itakaa muda mrefu, iache na nusu ya umeme, mahali pakavu pasipo jua. Wala usiitupe shambani au jalalani, kwani mvua huzitelemsha sumu zake mpaka kwenye visima.

ZANA NA FUNDI

Hapana budi niseme neno la mwisho juu ya yule mzee wa Muyinga. Keekee ya betri ni msaada mkubwa kwa mwenye nyumba, lakini haimfanyi kuwa seremala. Mzee yule alitazama fremu kabla ya kutoboa, akagundua kwamba ilikuwa imeinama kidogo, akaipigia kabari. Mimi, hata kama betri yangu ingalikuwa nzima, ningaliutia mlango uliopinda. Baada ya kazi dada yangu alitaka kumlipa kutoka katika akiba yake ya ada za watoto. Nilimzuia nikalipa mwenyewe, nikaona kwamba fedha niliyoitupa katika keekee ile ingalimlipa mzee mara kadhaa.

Sasa ninayo keekee nyingine, ya volti 12, ndogo, yenye betri mbili ambazo nimezipima kwa mkono na kuzihesabu seli. Katika mkoba huo huo nimeweka keekee ya mkono na bisibisi ya mpini wa mbao. Mlango wa dada yangu ungali umesimama, nao hufunga vizuri kila usiku.